Nilivyotangaza Likoni kwamba dispensari wanapima choo cha mtoto wajue kabila la babake

Wakuu salaam aleikum, na wale wa bara habari zenu.

Naanza kwa kuwaambia wazi: kisa hiki chaniaibisha. Mkimaliza kusoma mtaniona mjinga, na hamtakuwa mmekosea. Nimekiandika mara nyingi nikakifuta. Leo nakiacha hapa. Chumvi sijatia, kwa sababu chumvi yangu yote niliimaliza kwenye mzaha wenyewe, mtaona.

Mie mtu wa Likoni, Shika Adabu. Naam, jina la mtaa ndilo hilo, na mie sikuishika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kijana mbichi, shule nimeishia darasa la saba, nimeoa mapema, na kazi yangu ni mkokoteni wa maji. Mabomba ya mtaa wetu siku hizo yalikuwa yakikohoa tu, maji hayatoki. Basi najaza mitungi kisimani, nasukuma, nawapelekea akina mama majumbani.

Sasa muuza maji ana bahati moja ambayo hata sheikh hana. Kila nyumba anaingia mpaka uani. Na mie kila nikiteremsha mtungi, nateremsha na mzaha. Kuna wateja wallahi walikuwa na maji yao tele, waniita wanisikilize mdomo tu.

Niliupenda mdomo wangu, wakuu. Niliuona mtaji.

Msimu huo watoto wachanga mtaani walikuwa wakiugua tumbo la kuendesha. Mtoto aanza kutapika, halafu chini kunafunguka, choo maji matupu. Mabibi wakisema meno, wengine wakisema jicho baya.

Dispensari yetu wakaja wataalamu kutoka ng'ambo ya feri, kisiwani. Wakasema kuna kidudu kiitwacho rotavirus. Mie niliposikia hilo jina nikadhani ni mchezaji wa Brazili. Wakataka kila mtoto aliyeendesha atolewe choo kidogo kwenye kichupa, kichupa kitiwe kwenye boksi la barafu, kivushwe feri kikapimwe.

Wa kuzunguka mitaani kuwaeleza akina mama alikuwa Bi Zuena. Huyu alikuwa mama wa makamo, wa hapo hapo kwetu, amefundishwa kazi na sista wa dispensari. Kila mtu alimwita shangazi hata kama si shangaziye.

Siku moja namimina maji kwenye ua wa mteja wangu, Mama Saumu, namkuta Bi Zuena amekaa kwenye kibao na boksi lake, wanawake wamemzunguka.

Akawaambia hivi: "Kidudu ni kimoja, lakini kina makabila, kama watu vile. Hawa wataalamu wataka kujua hapa Likoni kumeingia kabila lipi. Maana chanjo yake ikija kutengenezwa, sharti wajue wapigana na nani."

Kwenye kizungu chao, nilikuja kujua baadaye, ni "strain". Bi Zuena akalitafutia neno la kwetu, na hakukosea. Sie Wapwani kabila twalitumia hata kwa samaki. Waenda sokoni wauliza, leo kuna kabila gani? Waambiwa changu, waambiwa tafi.

Lakini mie, mtungi begani, niliposikia "choo cha mtoto" na "kabila" vimekaa pamoja, ulimi ukaniwasha.

"Haa! Kumbe! Kina mama mtajibeba! Wapima choo cha mtoto wajue kabila la babake!"

Ua mzima ukaanguka kicheko. Mama mmoja akaachia mwiko. Bi Zuena mwenyewe alicheka kidogo, halafu akanitazama.

"Mwanangu, huo mdomo si uufunike kwa kifuniko cha mtungi."

Ningeufunika hapo, leo nisingekuwa na uzi wa kuwaandikia.

Nyumba ya pili nikaurudia. Ya tatu nikauongeza nyama. Kufika mwisho wa mtaa ushakuwa hivi: choo kikiwa kijani, baba yuko Changamwe. Kikiwa manjano, baba yuko Kisauni. Kikiwa maji matupu, baba ni baharia, meli ishang'oa nanga.

(Najua hapo kuna mtu amecheka. Nakusamehe, hata mie nilicheka.)

Alasiri nikaupeleka maskani kwa wenzangu. Kahawa iliwatoka watu puani. Ndipo rafiki yangu Kassimu akaniuliza, mbele ya watu wote:

"Na Rukia wako je?"

Hapa lazima niwaeleze. Rukia ni mwanangu wa kwanza, wakati huo ndo kwanza aanza kutambaa. Mie mweusi kama karai la mahamri upande wa chini. Mamake, Mwanakombo, maji ya kunde. Rukia akatoka mweupe kama hamri lisilotiwa mafutani. Amefuata bibi yake mzaa mama, kila mtu ajua.

Mtu mwenye akili angesema, "Kafuata bibiye," akanywa kahawa yake.

Mie nikasema, "Huyo kesho nampeleka apimwe, nijue namlelea nani."

Kicheko cha siku hiyo nakisikia mpaka leo. Wakati ule kilinipa kichwa kikubwa, nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Baada ya muda, nikawa kwa Mama Saumu tena, nateremsha mtungi. Mama Saumu akatazama huku, akatazama huku, akaniita karibu.

"We kijana, ushasikia? Ile mashine imeletwa kutoka Ulaya. Wakishapima, waume waitwa wasomewa. Kuna mmoja kule Mtongwe ashapewa talaka."

"Nani kakwambia?"

"Watu wa Mtongwe wenyewe!"

Wakuu, mzaha wangu ulikuwa umekwenda Mtongwe bila mkokoteni na umerudi umenenepa. Na mie, badala ya kusema, "Mama Saumu, huo si ni wangu, niliutunga hapa hapa uani kwako," nikatikisa kichwa.

"Dunia hii, Mama Saumu."

Nilitoka pale kifua mbele. Nikajiona bingwa.

Halafu Rukia akaugua.

Asubuhi alitapika maziwa ya mamake. Adhuhuri nilipopita nyumbani na mkokoteni, kamba yote ya nguo ilikuwa imejaa mawinda, nepi za mtoto, na Mwanakombo amechutama na beseni afua mengine. Mtoto amelazwa mkekani chini ya dirisha. Hakunigeukia. Kawaida akisikia gurudumu tu, atambaa mlangoni.

"Mwanakombo, twende dispensari."

"Siendi."

"Huendi vipi? Mtoto amelegea."

Hakuacha kufua. "Nikienda watasema nimepelekwa kupimwa. Nisipokwenda watasema naogopa kupimwa. Bora niogope nikiwa kwangu."

"Kupimwa nini, mke wangu? Ule ni mzaha! Nimeutunga mie!"

Hapo ndo alipoinua uso. Macho makavu.

"Na ulisema nini maskani juu ya Rukia?"

Mie, bingwa wa maneno, nikainama kumtazama mtoto.

"Nimeambiwa kisimani," akasema. "Na kila aliyenambia aliniambia kwa huruma. Hiyo huruma yao ndiyo iliyoniua."

Mamangu alikuwa jikoni achuja maji ya mchele ya kumpa mtoto. Akatokeza kichwa. "Mwache mkeo. Mjukuu wangu hapelekwi kutangazwa. Hayo ni meno tu."

"Mama, hakuna kinachotangazwa! Ni mie niliyezua! Wapima kidudu, hawapimi baba!"

Mamangu akanitazama kwa upole ambao sijawahi kuuona usoni mwake.

"Ahsante mwanangu. Mume mwenye haya ndivyo asemavyo, kumsitiri mkewe."

Mnaona nilipofika? Uongo wangu ulishakuwa mkubwa kunizidi. Nilipousema waliuamini, na nilipoukana waliona nina adabu.

Nikatoka mbio mpaka uani kwa Mama Saumu. Wanawake walikuwa wamekaa wapepeta mchele. Nikasimama katikati yao.

"Sikilizeni! Yale ya kabila la baba nilitunga mie, hapa hapa! Si kweli! Wapelekeni watoto!"

Halafu mmoja akamkonyeza mwenzake.

"Mwaona? Wake kaugua, leo ni mzaha!"

Wakacheka. Kicheko kile kile nilichokuwa nakipenda.

Nikarudi nyumbani. Maji ya mchele, kayatapika. Dafu, kalitapika. Macho yamezama, na ukimpapasa kichwani utosi umebonyea kama shimo la kidole gumba. Alikuwa alia, lakini sauti nyembamba kama ya paka, na machozi hayatoki.

Mtoto alia bila machozi, wakuu. Ukikiona hicho kitu, mizaha yote ya dunia yakutoka.

Nikaenda kwa Bi Zuena.

Nilimkuta barazani kwake mchana wote huo, amekaa. Boksi la barafu liko kando, wazi, ndani mna utando wa buibui.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba."

"Mbona huzunguki leo?"

"Nizunguke wapi? Milango nafungiwa. Juzi nimemwagiwa maji ya vyombo miguuni."

Maji yenyewe huenda niliyauza mie.

"Shangazi, ni mie niliye..."

"Najua ni wewe. Nilikuwepo." Alishasimama, atafuta buibui lake la kuvaa. "Mtoto ana hali gani?"

Hakuwa na haja ya kuniuliza kama mtoto augua. Uso wangu ulikuwa umeshamwambia.

Alipofika nyumbani hakujadiliana na mamangu wala hakumweleza mtu habari za makabila. Alimwamkia, akapiga magoti mkekani, akaifinya ngozi ya tumbo la Rukia, akaiachia. Ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama kama mkunjo wa leso.

"Mwanakombo, vaa."

"Shangazi, watu wata..."

"Watu kesho watakuwepo."

Mamangu aliweka chini kikombe cha maji ya mchele, akaketi.

Mwanakombo akavaa. Nikainama nimchukue mtoto, na mke wangu akaniambia neno moja tu, bila hasira:

"Mbebe wewe. Na usimfunike uso."

Njia ya dispensari yapita mbele ya maskani. Yeye alijua, na mie nilijua.

Basi nikapita jua la mchana, mwanangu mweupe kifuani kwangu, kichwa kimelala mkononi, mamake nyuma yangu na Bi Zuena nyuma yake. Maskani kulikuwa na watu wangu wote. Wakageuka kututazama. Halafu Kassimu, yule yule, akashindwa kujizuia.

"Haya jamani, leo twajua!"

Wachache walicheka, wengine walitazama chini. Sikumchukia Kassimu. Yale maneno si yalikuwa yangu, yeye alinirudishia tu. Lakini nilisikia hatua za Mwanakombo nyuma yangu zikisita, halafu zikaendelea. Katika kisa chote hiki, kile kisito cha miguu ndicho kinanirudia nikilala.

Dispensari sasa.

Kwenye kibaraza pale kulikuwa na benchi refu la akina mama. Nililijua benchi lile. Mwanzoni mwa msimu wanawake walikuwa wakibanana mpaka wengine wakaa chini na watoto mapajani.

Siku hiyo lilikuwa tupu. Paka mmoja amelala katikati.

Sista, mwanamke wa bara, mkali wa sura lakini mikono laini, akampokea Rukia haraka. Akatafuta mshipa mkononi, hakuupata. Akanyoa kijisehemu cha nywele kichwani, akaupata hapo, akatundika dripu. Alipotulia ndipo akaongea, nafikiri aliongea ili kututoa hofu:

"Sijui mama wa hapa wameenda wapi. Juzi juzi sikuwa na pa kuweka mguu. Nilidhani ugonjwa umeisha."

Nilitazama sakafu ya simiti. Bi Zuena alikuwa amesimama mlangoni. Angeweza kunisema hapo. Hakunisema.

Baada ya kitambo winda la Rukia likalowa. Sista akaleta kichupa, kifuniko chake kina kijiko kidogo ndani.

"Nani atachota?"

Mwanakombo alikuwa ameshika kichwa cha mtoto. Nikachota mie. Nikakaza kifuniko.

Sista akabandika karatasi kwenye kichupa, akachukua kalamu.

"Jina la mtoto?"

"Rukia," mamake akajibu.

"Jina la baba?"

Mwanakombo aligeuka tu, akanitazama, mara ya kwanza tangu kule kwenye beseni. Alikuwa angoja.

Nikataja jina langu, yote matatu, kwa sauti kubwa kupita kiasi. Hata yule paka nje aliamka.

Sista akaandika. "Sina ukiziwi, baba Rukia."

Jua likiwa laelekea kuzama, mtoto akafungua macho akatafuta ziwa. Baadaye kidogo nikambeba, akanikojolea shati zima. Wakuu, nililia kwa ajili ya mkojo. Sista akasema huo ndio aliokuwa akiungoja.

Siku zilizofuata nilisukuma mkokoteni na Bi Zuena pembeni yangu, boksi lake nimelipandisha juu ya mitungi. Kila ua ambao nilipeleka mzaha nikapeleka na kauli ya kuufuta. Nikasema nilitunga mie. Nikasema mwanangu mwenyewe katolewa choo na katiwa dripu, na hakuna mume aliyeitwa kusomewa kitu.

Wengine waliniamini. Wengine walicheka. Wengine walinisikiliza wakaonekana wamenyimwa kitu kitamu. Kweli haikuenda Mtongwe peke yake kama ule uongo. Nililazimika kuisukuma nyumba kwa nyumba, tena kwenye vilima. Lakini polepole benchi likaanza kupata watu.

Sasa niwaambie kile ambacho hata Mwanakombo sijawahi kumwambia.

Kuna ua mmoja, siutaji, ambao kila nikipeleka maji nakuta mawinda yameanikwa kwenye kamba. Siku niliyopita na Bi Zuena kamba ilikuwa haina kitu. Mama wa pale akanunua mtungi mmoja, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, ahsante." Akaingia ndani. Bi Zuena akaitazama ile kamba, halafu akanitazama mie.

Huenda walihamia kwa bibi. Huenda mtoto alikuwa ameshafundishwa choo. Sikuuliza. Mpaka leo naandika hapa, sijauliza.

Rukia ni mama wa watoto wawili sasa. Mweupe vile vile. Mwanakombo hakunigombeza hata siku moja, ila ilichukua muda mrefu sana kabla hajacheka tena mzaha wangu, na mpaka leo akicheka, kwanza anautazama.

Nilichojifunza ni hiki. Kama weye ndiye mchekeshaji wa kundi lenu, mtaani ama kwenye grupu la simu, jua kwamba watu wakikucheka haina maana hawajakuamini. Usiuchezee ugonjwa wa mtoto wala heshima ya mama yake. Na mtoto akiharisha na kutapika, akalia machozi hayatoki, acha meno na acha majirani, mkimbize akatazamwe.

Uwanja ni wenu. Aliyewahi kuzua neno likamkimbia, aseme hapa, nisibaki na aibu hii peke yangu. Mwenye kunitukana pia aingie, zamu yake imefika. Wa kuomba picha: picha ya kichupa cha choo waitakia nini?

Namalizia na hili. Baadaye, msimu ushapita, nilimkuta Bi Zuena akishuka kwenye feri na boksi lake likirudi tupu kutoka kisiwani. Nikamwamkia, nikambebea, nikajikaza kumuuliza kitu nilichokuwa nakiogopa.

"Shangazi, kile kichupa cha Rukia. Wamepata kabila gani?"

Akanitazama mdomoni. Halafu akasema:

"Kidudu cha mwanao wamekijua kabila lake, na wamekiandika. Hiki cha mdomoni mwako ndicho bado wakitafuta."